Kamera mbili na mashua ya Nungwi: shajara ya rigi yangu ya 3D

6 Disemba

Naanza kuandika leo mana nishaanza kutumia pesa, na nikitumia pesa bila kuandika huwa nasahau nilikosea wapi. Mradi ni huu: nnataka kupiga filamu fupi ya mashua inayoundwa Nungwi, kaskazini ya Unguja, na nnataka kuipiga kwa kamera mbili kwa wakati mmoja, moja jicho la kulia moja jicho la kushoto, ili mtu akitizama auone ubavu wa chombo umemjia mbele, sio picha bapa.

Wazo lilinijia mwezi uliopita. Nilikwenda kwa mjomba, akanipeleka pwani kwa fundi mmoja mtu mzima anayeunda mashua, nikapiga video kwa simu nikamuonesha palepale. Mzee akaishika simu, akaiweka mbali kidogo na uso, akaniuliza, "Hii ni omo au tezi?" Yaani mtu aliyekiunda chombo kwa mikono yake anauliza hii ni mbele au nyuma! Nikaitizama tena mwenyewe nikaona ana haki. Mkuku, ule uti wa chini wa chombo, umelala, mataruma, yaani mbavu zake, yamesimama, lakini kwenye simu yote yamekuwa mistari mistari kama banda lisiloezekwa. Na uzuri wa mashua uko kwenye ule mkunjo, ubao unaanzia omo unafumbata tumbo unaishia tezi, na mkunjo ndio kitu cha kwanza kinachokufa kwenye picha bapa.

Elimu yenyewe si ngeni. Mwingereza Charles Wheatstone aliieleza tangu 1838, kabla picha za kamera hazijaenea: chora picha mbili, kila moja kama inavyoonwa na jicho lake, kila jicho lipe yake, ubongo utaziunga wenyewe na utaona kina. Macho ya mtu mzima yanaachana kama milimita 63 hadi 65. Basi ni hapo tu, kazi ni kuzifanya kamera mbili ziwe macho ya mtu mmoja.

Nilichonacho: Canon 600D moja ninayopigia harusi, na ya pili ya aina hiyohiyo nimeipata used kwa laki nne na nusu. Lenzi zote mbili ni zile za kukuza za milimita 18-55 zinazokuja na kamera. Nimeamua nitazitumia kwenye 18 tu, mana pale pete inagonga mwisho, huwezi kukosea. Ukiwa katikati huna hakika kama 35 ya huku ni sawa na 35 ya kule, na jicho moja likikuza kuliko jengine basi ushaharibu.

9 Disemba

Nimekwenda Mwanakwerekwe kwa mafundi wa aluminiamu, wale wa madirisha. Wana vipande vya kukatia vimejaa chini ya meza, nimechagua skwea paipu mbili na engo mbili, jumla 14,000, na kijana akanikatia kwa grenda na kunitobolea bila kuniongeza hela. Mpango wa kwanza ni rahisi, kamera mbili zikae ubavu kwa ubavu juu ya paipu moja.

Tatizo la leo ni bolti. Tundu la chini ya kamera ni la robo inchi, nyuzi 20 kwa inchi. Duka la kwanza wakanipa bolti ya milimita 6, kwa macho huwezi kuzitofautisha, nimeifunga ikaingia nusu mzunguko halafu ikaanza kucheza. Nimeitoa haraka kabla haijanila nyuzi za kamera. Robo inchi ni milimita 6.35, hiyo sehemu ndogo ndiyo inayokula tundu. Mwisho nimezipata za robo kwa mtu anayetengeneza stendi za taa za harusi. Mwenye kutaka kufanya kitu hichi asichukue bolti kwa kukisia, aende na stendi yake dukani aifananishe.

14 Disemba

Nungwi, gari ya 116 asubuhi, rigi, yaani ile paipu na kamera zake, nimeipakata mapajani njia nzima.

Mzee na vijana wake wako kwenye mbao za ubavu sasa, safu ya nne. Nimepiga kwa muda wa saa mbili. Kwa mbali, mashua nzima na minazi nyuma, kitu kimekubali. Nimeziweka picha mbili sambamba kwenye simu, nikatia simu kwenye ile miwani ya plastiki ya VR, na Wallahi nilisimama pale mchangani nikanyamaza. Tumbo la chombo lilitoka, taruma moja liko mbele ya jengine na baina yao pana hewa.

Lakini nilichokitaka zaidi ni keekee. Kwa asiyeijua, keekee ndio drili ya mafundi wa vyombo, ina kijiti kirefu chenye ncha ya chuma na uta wenye kamba iliyozungushwa kwenye kijiti, fundi anausukuma uta kwenda na kurudi na ncha inazama ubaoni. Kabla ya kila msumari kuna tundu la keekee, ukipiga msumari bila tundu ubao unapasuka. Nikasogea mpaka kama mita moja kasoro kutoka mkono wa fundi. Nilipokuja kuitizama kwenye miwani macho yakaniuma papohapo, mkono mmoja ukawa mikono miwili haikutani.

Sababu naijua, nilijipa moyo tu. Mwili wa 600D una upana wa milimita 133, ukizibananisha kamera mbili lenzi zinaachana sentimita 14 hivi. Na kipimo wanachokitumia watu wa picha hizi ni moja ya thalathini, yaani lenzi ziachane thuluthi moja ya sehemu ya kumi ya masafa ya kitu kilicho karibu zaidi. 14 mara 30 ni 420. Kwa hiyo rigi hii haifai kwa kitu chochote kilicho karibu kuliko mita 4 na kidogo. Keekee ya mita moja kasoro inataka lenzi ziachane sentimita 3, na kamera zenyewe haziwezi kuingiliana.

Dawa ni kioo. Kamera moja inatizama mbele kupitia kwenye kioo, nyengine iko juu inatizama chini, na kioo kimelazwa digrii 45 kinapitisha nusu ya mwanga na kuakisi nusu. Kwa hesabu ya mwanga kamera mbili zinakuwa kama zimekaa sehemu moja, unaisogeza moja upande kwa milimita unazotaka, hata sifuri ukitaka. Unapoteza nusu ya mwanga kwa kila kamera, yaani stopu moja, lakini pwani ya Nungwi mchana kitu ambacho hatukosi ni mwanga.

19 Disemba

Leo sijatoka. Nimefanya jaribio la wakati, na hili nalieleza kwa kirefu mana limenigharimu siku tatu kulifikiria.

Kamera hizi hazina njia ya kuambiana. Hata nikizianzisha kwa pamoja, kila moja inachukua fremu kwa saa yake. Kwenye fremu 25 kwa sekunde, baina ya fremu na fremu pana milisekunde 40, kwa hiyo hata nikizilinganisha vipi kwenye leptopu moja inaweza kuwa nyuma ya mwenzake kwa milisekunde mpaka 20. Kitu kilichosimama hakina shida. Mkono wa keekee unakwenda na kurudi, jicho la kulia linauona hapa la kushoto linauona pale, na tofauti hiyo ubongo unaisoma kama kina, mkono unaelea mbele ya ubao au unazama ndani yake. Kwa hiyo cha kwanza nimehamia 720, picha ndogo kidogo, kwenye fremu 50 kwa sekunde, pale tofauti kubwa kabisa ni milisekunde 10.

Cha pili, nnataka kuijua tofauti yenyewe. Kibao cha kupiga "ka!" kinanisaidia kujua fremu ipi inakwenda na ipi, lakini hakinioneshi kilicho ndani ya fremu. Nimelala kitandani nimetizama feni la dari na ndipo lilipokuja. Nimebandika tepu nyeupe kwenye panga moja, nikalaza rigi sakafuni inatizama juu, feni kasi ya kati, nikapiga kwa kamera zote mbili. Halafu kwenye leptopu nikapima kwa kipimapembe cha skuli cha mdogo wangu, nimekiweka kwenye skrini. Baina ya fremu na inayofuata ya kamera hiyohiyo panga lilisogea digrii 30. Baina ya kamera ya kulia na ya kushoto kwenye fremu ileile, digrii 9. Basi ni 9 kwa 30 ya milisekunde 20, jawabu 6. Huna haja ya kujua feni linazunguka mara ngapi kwa dakika, linajipima lenyewe.

Nimezizima nikaziwasha nikarudia mara kumi. Kila mara jawabu tofauti, mara 2, mara 8, mara 1 na nusu. Kwa hiyo ni bahati, lakini bahati unayoweza kuirudia mpaka ikukubali. Zikishaanza zinakaa, baada ya dakika kumi zilikuwa zimeachana kwa milisekunde 3 tu zaidi. Nimeridhika. Nikipata 2 au pungufu napiga, nikipata zaidi nazima naanza tena.

23 Disemba

Kioo. Fundi wa vioo amenipa kipande cha kioo cha madirisha ya maofisi, kile kinachong'aa kwa nje, unene milimita 5. Nimekijaribu kwa digrii 45 na kweli kinapitisha na kuakisi. Lakini kina rangi ya kijani iliyokoza, na kibaya zaidi kinatoa picha mbili, moja kali na moja hafifu pembeni yake, mana mwanga unaakisiwa na uso wa mbele na uso wa nyuma pia, na kioo kikiwa kinene nyuso hizo ziko mbali. Kila mlingoti una kivuli chake cheupe. Hakifai.

Nimeagiza kioo cha telepromta, ile mashine ya kusomea maandishi mbele ya kamera, kupitia jamaa yangu aliyeko Dar, sentimita 36 kwa 24, unene milimita 3, kimetiwa dawa ya kuakisi upande mmoja. 185,000, na ndicho kitu ghali zaidi baada ya kamera.

Tarehe hii mpaka mwaka mpya nina harusi tatu. Mradi unasimama.

7 Januari

Kioo kimefika na boti ya mchana, kizima alhamdulillahi, jamaa alikifunga baina ya godoro mbili za sponji.

Nimejenga boksi la plaiwudi la milimita 9, wazi mbele, kamera moja nyuma moja juu, kioo katikati kimekaa kwenye mifereji ya aluminiamu ileile ya madirisha yenye mpira, kinaingia na kutoka bila silikoni. Upande wenye dawa unatizama kamera ya juu, ndiyo inayoona maakisi. Kamera ya juu iko kwenye kisahani kinachoteleza kulia na kushoto, nimekigundisha rula ya chuma pembeni ili nijue nimeziachanisha milimita ngapi.

Ndani lazima pawe peusi kabisa, hasa sakafu ya boksi chini ya kioo, mana kamera ya juu inaona kupitia kioo mpaka chini na kitu chochote kinachong'aa pale kinaingia kwenye picha. Nilitia kitambaa cha baibui nilichokikuta nyumbani, kinapendeza lakini kina mng'aro, jua likiingia kinageuka kijivu. Shangazi ndiye aliyenambia nikatafute bahameli, na ni kweli, bahameli nyeusi inameza mwanga wote.

11 Januari

Siku mbaya na siku ya faida.

Nimetoka na rigi mpaka Forodhani jioni kwa majaribio. Kitu kikiwa kimetulia na rigi imetulia, picha safi, nimeipindua picha ya kamera ya juu kwenye leptopu, zimekaa. Lakini kila nikiisogeza rigi pole pole kulia au kushoto kufuata chombo, macho yananiuma. Nilidhani wakati umeharibika. Nimepima, milisekunde 1. Nilidhani kioo kinatikisika. Nimekibana. Bado.

Nimekaa usiku nikaitizama fremu moja moja. Mlingoti wa dau lililokuwa linapita, kwenye jicho la kushoto umelala kidogo kushoto, kwenye jicho la kulia umelala kulia. Ndio nikafahamu. Sensa za kamera hizi, pale ndani picha inaponaswa, hazichukui picha yote kwa mpigo, zinasoma mstari mmoja mmoja kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo ukiisogeza kamera kila kilichosimama kinalala kidogo. Hilo peke yake si neno, macho yote mawili yangelala upande mmoja. Lakini mimi kamera ya juu nilikuwa nimeinamisha tu, ile sehemu yenye flashi inatizama mbele kuelekea baharini. Kioo kikaigeuza juu chini, nami nikaigeuza tena kwenye leptopu nikaona yameisha. Picha imegeuka sawa lakini usomaji wa mistari haujageuka, jicho moja linasoma kutoka juu na jengine kutoka chini.

Dawa yake haina gharama yoyote. Kamera ya juu igeuzwe, flashi inielekee mimi niliye nyuma. Kwa mkao huo kioo kinaipindua kushoto kulia tu, juu inabaki juu, na mistari yote inasomwa upande mmoja. Kwenye ffmpeg, programu ninayogeuzia video, unatumia hflip (kushoto kulia) badala ya vflip (juu chini). Nimelala saa tisa ya usiku lakini nimelala vizuri.

18 Januari

Nungwi tena. Hii ndiyo siku ninayoitaka ibakie kwenye shajara hii hata yote mengine yakipotea.

Nimefika na boksi, nimelipachika kwenye stendi, nikapiga picha za kwanza za keekee, lenzi zimeachana sentimita 3, na bado zinaumiza. Kidogo, lakini zinaumiza, unahisi kama jicho moja linavutwa juu. Nikaziweka picha mbili moja juu ya nyengine kwenye leptopu, kweli, jicho moja liko juu kuliko mwenzake kwa pikseli kadhaa. Macho ya binaadamu yanaweza kukaribiana na kuachana kwa upande, lakini moja kwenda juu na jengine chini hayakuumbwa hivyo. Nikaanza kukaza na kulegeza bolti, nikarekebisha kwa keekee ikakaa, nikageukia mashua nzima ikaharibika. Nikarekebisha kwa mashua, keekee ikaharibika. Saa nzima imekwenda.

Mzee alikuwa amekaa kwenye gogo anakunywa chai ananitizama. Akaniuliza unatafuta nini. Nikamwambia, nataka macho haya mawili yawe sawa kwa kimo. Akasema, "Wewe unapima karibu kwanza. Pima mbali kwanza, halafu uje karibu." Akainuka akanionesha anavyopanga mataruma: anavuta uzi kutoka omo mpaka tezi, anasimama mwisho wake, anafumba jicho moja, anaupeleka uzi mpaka ukae juu ya alama ya mbali. Mbali pakishakaa hapaguswi tena. Ndipo anashuka kwenye taruma moja moja.

Nikafikiri, mbali yangu ni ipi? Iko mbele yangu. Upeo wa bahari, mstari mmoja ulionyooka, mbali kiasi kwamba sentimita za kamera yangu si chochote kwake. Na nikafahamu kwa nini Mzee ana haki. Kamera ikiinama vibaya, kosa linakuwa lilelile kwa kitu cha mbali na cha karibu. Kamera ikiwa juu au chini ya mwenzake, kosa linaonekana kwa kitu cha karibu tu, na linakwisha kadiri kitu kinavyokwenda mbali. Ni makosa mawili tofauti, na mimi nilikuwa natumia moja kulificha jengine.

Basi tukaelekeza boksi baharini. Upeo wa kamera ya juu ulikuwa pikseli 11 chini ya mwenzake. Hili ni la kioo, si la kamera, na kioo kikiinama kiasi fulani picha inainama mara mbili yake, kwa hiyo kinachotakiwa ni kidogo sana. Nimekata ile kadi ya plastiki inayokuja na laini ya simu, vipande viwili, nikavisukuma chini ya ukingo mmoja wa kioo, pikseli 11 zikawa 1. Upeo pia ulikuwa umelala upande, kushoto juu kulia chini, nikazungusha kisahani cha kamera mpaka ukalingana mwisho mpaka mwisho.

Halafu Mzee mwenyewe akavuta uzi baina ya miti miwili, mita moja na nusu mbele ya boksi, akaupima kwa pima maji. Kwenye kamera ya juu uzi ulionekana juu zaidi kwa pikseli 4, mana yake jicho lake liko chini kuliko mwenzake. Hesabu ilinipa milimita 6. Kwa kamera inayotizama chini, kupanda juu ni kurudi nyuma, kwa hiyo nikaisogeza milimita 6 kunielekea mimi. Uzi ukakaa juu ya uzi. Nikageuza boksi baharini kuhakikisha, upeo haujatoka pahala pake.

Mzee akauliza, "Umekaa?" Nikamwambia umekaa. Akarudi kwenye kazi yake.

Nilipiga keekee mpaka alasiri. Kwa jaribio la wakati nilipindua baskeli ya mjomba, nikafunga kitambaa kwenye spoku moja, nikazungusha tairi mbele ya kamera, ndio feni langu la pwani. Jaribio la nne lilinipa kama milisekunde 2, nikapiga.

Picha moja nataka kuieleza. Ncha ya keekee imeshazama nusu kidole, unga wa mbao unapanda kuzunguka tundu, mwekundu, unajikusanya kama kichuguu kidogo halafu unaporomoka juu ya ubao. Uta ukirudi, kamba inalegea kidogo kwenye kijiti kabla haijakaza tena. Kwenye video bapa nimeipiga mara ngapi hiyo, na sikuwahi kuiona ile nafasi baina ya kamba na kijiti inavyofunguka na kufumba.

20 Januari

Kasoro moja imebaki nayo siwezi kuiondoa. Maji yakiwa yanametameta nyuma, jicho moja linaona mng'aro na jengine linaona maji yamefifia. Mwanga ukiakisiwa kwa kioo kilicholala unachujwa kwa upande, kama miwani ya jua ya wavuvi inavyochuja, na mng'aro wa bahari wenyewe ni mwanga uliokwisha kuchujwa hivyo. Kioo hakiwezi kuwapa macho yote mawili kitu sawa. Iko filta maalumu ya kuweka mbele ya kioo, kwa sasa siimudu. Nimeamua: kioo kwa vitu vya karibu, bahari isiwe nyuma, na kwa bahari na mbali narudi kwenye paipu ya mwanzo, kamera ubavu kwa ubavu. Rigi mbili kwa kazi mbili. Sioni ubaya.

29 Januari

Kalafati. Pamba inasokotwa, inatiwa mafuta, inapigwa kwenye maungio ya mbao kwa patasi butu na nyundo. Nimepiga dakika 40 za mikono tu. Sauti ya nyundo ikibadilika fundi anajua pamba imeshiba, nimerekodi sauti peke yake pia.

12 Februari

Bamvua, maji makubwa. Wameshua chombo leo, maji yalipojaa alfajiri kuelekea asubuhi.

Nimesimama na rigi ya paipu kama mita 6 kutoka ubavuni, lenzi sentimita 14. Kamera hizi zinakata zenyewe faili likifika GB 4, kama dakika 12, na hazikati pamoja, kwa hiyo nilipanga kuzizima mwenyewe kila dakika 10 na kupiga kibao upya. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa na saa. Chombo kilipoanza kutembea juu ya magogo watu hamsini kwenye kamba, tulikuwa dakika ya 8. Aliniuliza nizime? Nikamwambia acha. Zilikata chombo kikiwa kimegusa maji kwa omo na tezi bado iko kwenye gogo la mwisho. Kelele za mwisho, kule kupanda kwake kilipoelea, sina kwa 3D, ninayo kwa simu ya mjomba tu. Nimeumia. Lakini dakika nilizonazo ni safi, na kimoja ninachokipenda ni kamba, kamba zinazotoka kwenye chombo zinakuja mpaka karibu yangu na kila mtu yuko pahala pake kwenye kamba yake, unaweza kuwahesabu.

21 Februari

Nimekata na kuunga dakika tisa. Nimekwenda nazo Nungwi kwenye simu na miwani ya plastiki.

Mzee alikuwa barazani kwa mjomba baada ya laasiri. Nikamvisha miwani, nikamrekebishia. Alikaa kimya muda, halafu akasema, "Naona mbao." Nikashtuka, nikadhani nimeharibu faili, nikainama kumtizama pembeni. Jicho la kushoto alikuwa amelifumba, kama anavyofumba akipima uzi.

Nikamwambia, "Mzee, fumbua yote mawili."

Akafumbua. Ilikuwa ile picha ya ndani ya chombo, kabla ya mbao za juu, nimesimama karibu na fashini, ule mti uliosimama kwenye tezi, natizama mbele. Akageuza kichwa kidogo, mkono wake ukashika ukingo wa baraza.

"Omo ile kule," akasema. Kisha, "Taruma hili la saba. Hili nililitoa nikalirejesha mara mbili, halikutaka kukaa."